MAPUMZIKO YA MCHANA KWA WALIMU: SHERIA INASEMAJE?

Makala haya yanawaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla haki ya mwalimu ya kupumzika mchana, mipaka ya haki hiyo na wajibu wa wasimamizi wa shule. Mfano unaotumika ni wa shule za vijiji vya Ikoma, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, ambako ugumu wa jambo hili huonekana waziwazi.

Sheria inayohusika

Kwa Tanzania Bara, msingi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo inawahusu pia watumishi wa umma, isipokuwa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu, awe wa shule ya Serikali au ya binafsi, hakuondolewa. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005; kwa hiyo vifungu vinavyotajwa hapa visichukuliwe kuwa ni vya Visiwani.

Kifungu cha 19 kinaweka kikomo cha saa za kawaida za kazi: saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki. Kifungu cha 23 ndicho kinachohusu mapumziko, nacho kinaeleza mambo matatu:

(a) Mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60.

(b) Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati wa mapumziko pale tu ambapo kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mwangalizi, au haiwezi kufanywa na mfanyakazi mwingine.

(c) Mwajiri halazimiki kulipia muda wa mapumziko, ila pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi katika muda huo.

Mwalimu aliyeanza kazi saa 1:30 asubuhi na kuendelea bila kupumzika, hutimiza saa 5 ifikapo saa 6:30 mchana. Akipitisha hapo, haki yake imekwisha kuingia.

Ifahamike kuwa kifungu hiki hakitaji chakula. Kinachotolewa ni muda. Hakimlazimishi mwajiri kumlisha mwalimu. Vilevile, mwalimu aliyefunga Ramadhani au Kwaresima hapotezi saa yake kwa sababu hali chakula mchana.

Mapumziko ya wanafunzi si lazima yawe ya mwalimu

Hapa ndipo penye utata. Kengele inapolia na watoto kwenda kula, huonekana kuwa shule nzima imepumzika. Lakini mwalimu anayepanga foleni ya uji, anayesimamia unawaji wa mikono na kuamua ugomvi wa watoto, yuko kazini. Saa hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa ni mapumziko yake.

Katika vijiji vya Ikoma, kama vile Robanda, vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tembo na wanyama wengine huingia karibu na makazi ya watu. Hakuna mzazi atakayekubali watoto waachwe peke yao mchana. Usimamizi wao, basi, ni kazi isiyoweza kuachwa bila mwangalizi, na sheria imelizingatia hilo. Hata hivyo, ruhusa hiyo ni ya dharura ya kazi. Haikukusudiwa kuwanyima walimu wote mapumziko kila siku ya mwaka.

Njia iliyo nyepesi ni zamu. Mwalimu wa zamu husimamia watoto, wenzake hupumzika. Masomo yanapoanza tena, yeye hupewa saa yake nzima naye mwenzake huingia darasani. Inafaa ratiba hiyo iandikwe na kubandikwa ofisini, ili mzigo usimwangukie mwalimu mmoja, hasa mgeni au kijana. Penye walimu wachache mno, mwalimu mkuu aandike hali hiyo na kuifikisha kwa Afisa Elimu Kata.

Walimu wanaonyonyesha

Kifungu cha 33 kinampa mama anayenyonyesha ruhusa ya kumnyonyesha mtoto wake wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Ruhusa hii ni mbali na mapumziko ya mchana. Mwalimu huyo asiambiwe achague moja.

Pakitokea malalamiko

Mwalimu aanze kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, na baadaye ofisi za Halmashauri ya Wilaya, ambazo kwa Serengeti ziko Mugumu. Anaweza pia kusaidiwa na chama chake cha wafanyakazi. Mwalimu wa shule ya Serikali azingatie kuwa Sheria ya Utumishi wa Umma, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka amalize kwanza ngazi za ndani ya utumishi kabla ya kutafuta nafuu kwingine. Mwalimu wa shule binafsi anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Aidha, Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa mwaka 1966, linashauri kwamba saa za kazi za walimu zipangwe kwa kushauriana na vyama vyao.

Wazazi na kamati za shule wanaombwa wawe na subira wanapomkuta mwalimu amekaa kivulini mchana. Huenda ametumika tangu alfajiri, na saa hiyo ni yake kwa sheria. Wakuu wa shule nao wanakumbushwa kuwa saa hiyo si hisani yao.