Calgary 2010: Mtoto wa wahamiaji kutoka Tanzania alivyoshinda umeya

Oktoba 18, 2010, wakazi wa Calgary, jiji la mafuta magharibi mwa Kanada, walimchagua meya ambaye mwezi mmoja tu kabla kura za maoni zilimpa chini ya asilimia 10. Huyo ni Naheed Nenshi, aliyekuwa mhadhiri wa chuo kikuu mwenye miaka 38. Wazazi wake, Waismailia wenye asili ya India, walihamia Kanada kutoka Tanzania, naye akazaliwa Toronto mwaka 1972. Ushindi huo ulimfanya kuwa Mwislamu wa kwanza kuwa meya wa jiji kubwa nchini humo.

Calgary ilikuwa ikikua kwa kasi na wakazi wake walishapita milioni 1. Dave Bronconnier, meya tangu 2001, hakugombea tena. Waliopewa nafasi kubwa ni diwani Ric McIver na mtangazaji wa televisheni Barb Higgins. Matokeo: Nenshi asilimia 40, McIver 32, Higgins 26. Zaidi ya nusu ya wapigakura walijitokeza, ilhali mwaka 2007 ilikuwa karibu theluthi moja tu.

Wakati huo, katika chaguzi za miji za Alberta wagombea hawakusimama kwa tiketi ya vyama. Kwa hiyo Nenshi alijinadi kwa hoja, kwenye mitandao ya kijamii na katika mikutano midogo ya kahawa majumbani.

Hoja iliyogusa wengi ilikuwa barabara. Uwanja wa ndege ulikuwa unajenga njia mpya ya kurukia, na ujenzi huo ungefunga barabara waliyoitegemea wakazi wa kaskazini mashariki, eneo lenye wahamiaji wengi. Nenshi aliahidi kuchimba barabara chini ya njia hiyo. Wapinzani walisema ni ghali mno.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kutazama kwa makini. Calgary meya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, tofauti na Tanzania ambako madiwani humchagua mmoja wao. Hata hivyo, ndani ya baraza ana kura moja kati ya 15. Februari 2011 mradi ulipita kwa kura 8 dhidi ya 7. Diwani mmoja angegeuka, ahadi ingekufa. Barabara hiyo, iliyokadiriwa kugharimu karibu dola za Kanada milioni 295, ilifunguliwa Mei 2014.

Mwaka 2011 jiji pia lilianza kwa majaribio kuruhusu magari ya kuuza chakula mitaani, biashara ambayo awali ilibanwa na kanuni.

Nenshi alirudishwa madarakani 2013 kwa asilimia 74, na 2017 kwa asilimia 51 tu. Hakugombea 2021, Jyoti Gondek akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa jiji hilo.

Wengi wetu hufuatilia urais na bei ya dola, tukasahau baraza la mji. Lakini ushuru wa soko, leseni, maegesho ya malori na barabara ya kufika kituo cha mpakani mara nyingi hupitia mikononi mwa diwani. Kabla ya kura ijayo, muulize anayekuomba kura: baraza lina wajumbe wangapi, na wangapi watasimama nawe?