PEKE YAO KATIKA BAHARI KUU

Sisi tukaao katika nchi ya milima ya Kasulu na Kibondo tu mbali na bahari ya chumvi. Maji tuyajuayo ni ya mito na mabonde, ambayo Malagarasi huyakusanya na kuyapeleka Ziwa Tanganyika. Walakini nyumba nyingi kwetu zina kijana aliyeshuka Kigoma kutafuta dagaa, na mama amngojaye. Vijana hao hutueleza ya kwamba wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na mawimbi huinuka hata mtumbwi wa jirani usionekane. Ziwa lile lina urefu wa kilometa 670 hivi, na penye kina kikubwa kupita pote ni mita 1,470. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili hupenda kuiona taa ya mwenziwe karibu.

Juzi mwalimu mmoja alituuliza habari aliyoisikia, akidhani labda ni hadithi tu: Je, ni kweli kwamba wako watu washindanao kuizunguka dunia kwa mashua ndogo za tanga, kila mtu peke yake, bila kutia bandarini? Mzee mmoja aliyeketi nasi akasema, "Watu hao hawana mama?" Tukacheka sote, lakini baadaye tuliona ya kuwa swali la mzee ni kubwa kuliko la mwalimu. Basi leo twajaribu kuyajibu yote mawili.

Habari ni ya kweli. Mashindano ya kwanza ya namna hiyo yalitangazwa mwaka 1968 na gazeti la Uingereza liitwalo Sunday Times. Zawadi zilikuwa mbili: tufe la dhahabu kwa yule atakayerudi wa kwanza, na pauni 5,000 kwa yule atakayetumia siku chache kuliko wote. Watu tisa waliondoka, kila mtu kwa siku yake. Aliyemaliza ni mmoja tu.

Huyo mmoja ni Robin Knox-Johnston, baharia Mwingereza mwenye umri wa miaka 29. Mashua yake ilikuwa na urefu wa futi 32, nayo iliundwa Bombay, Bara Hindi, kwa mbao za msaji. Jina lake ni Suhaili, na jina hilo si geni katika lugha yetu, kwa maana Waswahili wa pwani tangu zamani huita upande wa kusini suheli. Aliondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968. Njiani redio yake iliharibika isiweze kupeleka habari, na kile chombo cha kushika usukani kwa nguvu za upepo kikavunjika. Tena mashua ikaanza kuvuja chini. Ikambidi apige mbizi katikati ya bahari, akazibe ufa kwa mikono yake. Kwa miezi kadhaa watu wa kwao hawakupata neno lo lote, wala hawakujua kama yu hai. Hata tarehe 22 Aprili 1969 akaingia Falmouth, baada ya miezi kumi na siku nane.

Labda msomaji atauliza, mtu mmoja hulalaje, na nani hushika usukani? Hulala kwa vipande vipande, huamka, hutazama matanga na bahari, kisha hulala tena. Wakati huo ubao mdogo uliosimamishwa nyuma ya mashua husukumwa na upepo, nao huugeuza usukani ili mashua isiiache njia yake. Na chini ya mashua kuna mkuku mzito sana; hivyo wimbi likiipindua, uzito ule huirudisha wima. Lakini mlingoti huweza kuvunjika, na mtu huweza kutupwa akaumia.

Mahali pa hatari zaidi ni kusini ya dunia, chini ya Afrika, Australia na Amerika. Huko hakuna nchi kavu kubwa ya kuuzuia upepo wa magharibi, nao huyasukuma maji mbele yake mfululizo. Walimu wataweza kulieleza jambo hili shuleni kwa mfano wa kwetu. Upepo ukipita juu ya kidimbwi huleta vijiwimbi tu. Ukipita juu ya ziwa refu, mawimbi hukua kadiri ya mwendo wake. Basi fikirini bahari isiyo na ng'ambo.

Sasa tuseme habari ya huzuni. Katika wale tisa alikuwamo Donald Crowhurst, mtu mwenye mke na watoto wanne. Alikuwa ametia mali katika safari hii kupita uwezo wake, na mashua yake haikuwa tayari alipoondoka tarehe 31 Oktoba 1968. Aliona upesi ya kuwa haitaweza kuvumilia bahari za kusini. Kurudi ni aibu na deni. Kuendelea ni kufa. Akachagua njia ya tatu, akabaki katika Bahari ya Atlantiki, akipeleka kwa redio habari za uongo kwamba anakwenda mbio. Watu wakamsifu. Baharia mwingine, Nigel Tetley, ambaye mashua yake ilikuwa imechoka na kupasuka, akadhani Crowhurst anamfuata kwa kasi. Akaongeza matanga, na mashua yake ikazama mwezi wa Mei 1969, hali amekaribia kumaliza. Yeye aliokolewa. Lakini mashua ya Crowhurst ilionekana tarehe 10 Julai 1969 ikielea bila mtu, na vitabu vyake ndani vikaufunua uongo wote.

Sisi hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Tunaona tu jinsi uongo wa mtu aliye peke yake, mbali na macho ya wote, ulivyofika kwa mtu wa pili na kuizamisha mashua yake. Wazee wa pwani husema, Usisafirie nyota ya mwenzio. Tetley alisafiria nyota ambayo haikuwapo kabisa.

Kwa kuwa Knox-Johnston peke yake ndiye aliyemaliza, zile pauni 5,000 pia zilikuwa haki yake. Hakuwa tajiri, lakini alizitoa zote kwa mjane wa Crowhurst na watoto wake.

Miaka ikapita. Mwaka 2018 mashindano yale yalifufuliwa, kwa amri ya kutumia mashua na vyombo vya namna ya zamani: ramani za karatasi, na kipimo cha kulitazama jua na nyota. Katika mwaka huo Abhilash Tomy wa Bara Hindi alipinduliwa na dhoruba kusini ya Bahari ya Hindi, akaumia mgongo asiweze kusimama. Alilala ndani ya mashua iliyovunjika milingoti mpaka meli ya Wafaransa ikamchukua.

Tarehe 4 Septemba 2022 watu 16 waliondoka tena, katika mji wa Les Sables-d'Olonne, Ufaransa. Mmoja wao alikuwa Tomy yule yule. Mwingine alikuwa mwanamke wa Afrika ya Kusini, Kirsten Neuschäfer, mzaliwa wa Pretoria, naye ndiye mwanamke pekee kati yao. Mwezi wa Novemba, kusini-mashariki ya Afrika ya Kusini, mashua ya Mfini mmoja, Tapio Lehtinen, iliingia maji kwa nyuma ikazama katika dakika chache. Alipata nafasi tu ya kuingia katika chelezo cha mpira. Neuschäfer alipopata habari alikuwa mbali naye karibu maili 100. Aligeuza njia, akashika usukani usiku kucha. Kulipokucha alilitafuta chelezo katika mawimbi makubwa, akalipata, akampandisha Lehtinen. Kisha akampeleka kwenye meli kubwa ya mizigo iliyokuja kusaidia, akarudi katika njia yake peke yake.

Tarehe 27 Aprili 2023, baada ya siku 235, mwanamke huyo alifika Ufaransa mbele ya wote. Hakuna mwanamke aliyepata kushinda mashindano ya kuizunguka dunia peke yake kabla yake. Wa pili alikuwa Tomy, yule aliyeumia mgongo.

Sasa twarudi kwa swali la mzee. Watu hao wana mama, na wengine wana wake na waume na watoto. Hatuwezi kusema ya kwamba ni vema mtu kuyahatirisha maisha yake kwa ajili ya tufe la dhahabu, na kila mmoja atapima kwa akili yake. Wavuvi wetu hawatoki kwa mchezo. Wao hutafuta chakula cha nyumbani. Walakini jambo moja tumeliona. Mtu huitwa peke yake, lakini akitaabika, wengine hugeuza njia. Na akisema uongo, wengine huumia. Hata katikati ya bahari kuu hakuna aliye peke yake kabisa.

Walimu wakiwasomea watoto habari hii, wawaulize: Katika mwaka 1969 nani alishinda, na alishinda nini? Na wazazi wenye vijana ziwani wawaambie neno hili kabla hawajashuka tena Kigoma: ukiona taa ya mwenzio imezimika ghafula, uache wavu wako, ugeuze. Dagaa watakuwapo kesho.