Nokoa na Mchumaji Mwanagenzi

Ndugu wanachama, mkarafuu huzaa nchani mwa matawi, nalo tawi lake halipindiki sana, huvunjika ghafla. Kijana apandaye mara ya kwanza hayajui haya. Tukimlipa kwa pishi tangu siku hiyo, atalifuata shada la mwisho hata tawi limkatikie. Twaona siku za mwanzo alipwe ujira wa kutwa, apewe miti mifupi, na nokoa asimame chini ya mti wake, si kivulini penye majamvi (manokoa wetu watatusamehe). Amwonyeshe kukanyaga karibu na shina, kuvuta tawi kwa kingoe na kulifunga kamba, na kuchuma kabla matumba hayajafunguka. Akikosea, asimkemee angali juu, angoje ashuke.