Taa za boti: Ubwari inanunua mwangaza, haijanunua usalama

Mvua ikiiharibu barabara ya kitaifa namba 5, Fizi, mashariki mwa Kongo, huishi kwa Ziwa Tanganyika. Saruji, chumvi, mafuta na abiria hupita kwa maboti ya mbao kati ya Baraka, vijiji vya rasi ya Ubwari, Uvira na Kalemie, na mengi husafiri usiku. Ndiyo maana taa na honi za boti zina wateja wake katika maduka ya betri, paneli za sola na vipuri vya mashine. Swali ni kama wateja hao wananunua kinachofaa.

Muuzaji mmoja wa Baraka anasema hapana, na lawama zake hazimwachi mtu. Kwa maelezo yake, aliwahi kuleta taa ndogo nyekundu na kijani, zilizozibwa vizuri zisiingie maji, zikakaa dukani mpaka akaziuza kwa hasara. Mwenye boti huomba taa nyeupe, kubwa, kali kuliko ya jirani yake, na ukimshauri vingine anakwenda duka la pili. Analalamika pia kwamba mzigo mmoja hutozwa mara kadhaa kabla ya kufika dukani, kila meza na karatasi yake, huku taa hafifu zinazokufa kwa wimbi la kwanza zikipita bila kuulizwa. Anayeleta kitu kizuri, kwa hesabu yake, ndiye anayeadhibiwa.

Mfanyabiashara hulia kwa ajili ya mfuko wake, lakini kilio hiki kina msingi. Wavuvi wa ndakala huvua kwa taa, na usiku usio na mwezi ndio wakati wao. Zamani walitumia karabai. Siku hizi taa za LED za betri zimezidi, nyeupe na kali. Boti ya abiria yenye taa nyeupe tu katikati yao inafanana na mvuvi aliyetulia kwenye wavu wake. Nahodha anayekuja mbele hawezi kujua kwamba taa ile inamwelekea kwa kasi.

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zililitatua jambo hili kwa rangi: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, na chombo cha mashine huongeza nyeupe ya juu inayotazama mbele. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini giza la ziwa halina tofauti. Ukiona nyekundu, chombo kinakuonyesha ubavu wa kushoto. Ukiona nyekundu na kijani pamoja, kinakujia uso kwa uso. Kwa chombo kisichofika mita 12, taa za ubavuni hutakiwa kuonekana umbali wa maili 1 ya baharini, na nyeupe maili 2. Ukali wa kupindukia hauhitajiki. Inahitajika rangi sahihi, mahali pasipozibwa na magunia, na taa isiyopitisha maji.

Honi nayo isikike juu ya ngurumo ya mashine. Mlio mmoja mfupi maana yake nageuka kulia, miwili nageuka kushoto, mitano na zaidi sielewi unachofanya. Kikwazo ni umeme. Mashine ya kuvuta kamba haihitaji betri ili iwake, kwa hiyo betri ni gharama ya pembeni, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayochaji simu za abiria. Ikiisha kabla ya alfajiri, taa na honi hufa pamoja.

Afisa mmoja anayeshughulikia usafiri wa ziwani anashikilia kwamba hakuna boti inayoondoka bila kukaguliwa. Ni vigumu kulipokea dai hilo lote. Fukwe za kupakia kando ya Ubwari ni nyingi, na mkaguzi hawezi kuwa kila mahali. Hata anapokuwepo, taa iliyowaka dakika moja mchana haithibitishi kwamba itawaka saa tisa za usiku.

Huenda mambo yakabadilika, kwa kuwa sola na LED zimeshuka bei. Lakini urahisi huo huo ndio unaoleta bidhaa mbovu, na bila ukaguzi wa kweli soko halitajirekebisha lenyewe. Tena taa haiokoi boti iliyojazwa kupita kiasi: Desemba 2014 meli ilizama kwenye ziwa hili, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Mwenye boti anayenunua leo aanze na nyekundu na kijani, aziwekee betri isiyoguswa kwa kazi nyingine, na aijaribu honi mashine ikinguruma. Abiria naye aombe kuziona zikiwaka kabla ya kulipa nauli. Roho ni yake, na ana haki ya kuuliza.