Kigari cha Mtoto Mchanga: Tuangalie Nini Kabla ya Kununua?

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za uji na chanjo, tuzungumze juu ya kigari cha kusukuma mtoto. Msicheke! Njia zetu za hapa Dzaleka tunazijua: wakati wa mvua ni tope, wakati wa jua ni vumbi na mashimo, hata kabaza inafika mahali abiria anashuka na kutembea. Lakini maswali yanatufikia, tena kutoka pande mbili. Kuna mabibi wenye mabinti waliokwenda Kanada na Australia, au Marekani kabla mipango ya kule haijasimamishwa Januari 2025. Binti anapiga simu: "Mama, mtoto amezaliwa, ninunue kigari cha namna gani?" Na bibi hajawahi kukisukuma hata kimoja. Upande wa pili, vigari vya mitumba vinaonekana hata huku, na kuna baba anayeona fahari kumkalisha humo mtoto wa wiki mbili.

Hapo kwenye kumkalisha ndipo penye shida.

Mtoto mchanga hakai. Kichwa chake ni kikubwa, karibu robo ya urefu wake wote, na shingo bado haina nguvu. Ukimweka kwenye kiti cha kukaa, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa, ambayo kwake ni nyembamba sana, inajikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Na hatalia, wala hatakohoa. Utamwona kama amelala usingizi mtamu, kumbe hewa haipiti. Ndo maana tunasema kigari kizuri kwa mtoto mchanga ni kile anacholala chali, mgongo umenyooka, uso uko wazi. Shingo inaanza kukaza kwenye miezi mitatu au minne, na kukaa mwenyewe ni karibu na miezi sita. Kabla ya hapo, kigari cha kukaa tu si chake, hata kama ni kipya na kina rangi nzuri.

Dukani au kwa jirani anayeuza, fanya hivi: shusha mgongo wa kiti mpaka mwisho. Ukilala sawasawa kama kitanda, vizuri. Ukigoma katikati, ukabaki kama kiti cha kinyozi, kiache. Vingine vinakuja na kikapu kigumu cha kulalia kinachowekwa juu ya magurudumu. Hivyo ndivyo bora kwa miezi ya kwanza, ila bei yake si mchezo. Ukipata ambacho mtoto anamwangalia anayesukuma, chukua hicho, maana utamwona akitapika au akibadilika rangi. Chini yake kuwe pagumu kidogo. Usiongeze mto wala nguo laini nyingi ati alale vizuri. Mto kwake ni kitu cha kumziba pua. Ulaini tunaoupenda sisi wakubwa siyo raha yake.

Tuseme sasa juu ya kilichotumika, maana wengi wetu ndicho tutakachopata. Usione haya kununua cha zamani, bali kikague kama unavyokagua baiskeli. Kiweke kwenye mteremko, kanyaga breki, kisukume kwa nguvu: kikitembea, usinunue, hata ukipunguziwa bei. Angalia mkanda. Ule mzuri unashika sehemu tano, yaani mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu. Kisha kikunje na kukifungua mara tatu, usikilize kama kifungio kinashika kweli. Bawaba za kukunjia si jambo dogo. Mtu aliyetengeneza kigari chepesi cha kukunja, Owen Maclaren wa Uingereza, alikuwa mhandisi wa ndege, na kazi hiyo aliifanya mwaka 1965. Lakini Novemba 2009 vigari vya kampuni hiyo hiyo ya Maclaren, karibu milioni 1, vilitangaziwa marekebisho kule Marekani kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto. Wenye navyo walipewa vifuniko vya kuziba hizo bawaba. Kwa hiyo unapokunja kigari, watoto wengine wakae mbali, hasa wale wenye mikono isiyotulia.

Mambo mawili watu wanayafanya kwa nia njema na yanaumiza. La kwanza, kutundika mfuko wa viazi kwenye mpini. Mtoto mchanga ni mwepesi; mfuko unavuta, kigari kinapinduka kinyumenyume. La pili, kufunika kigari chote kwa kitenge ili jua lisimchome. Hata kitenge chepesi kinazuia hewa, na ndani joto linapanda haraka. Tafuta kivuli, tembea asubuhi.

Kwa walio nje: kigari hakichukui nafasi ya kiti cha mtoto cha ndani ya gari. Katika majimbo yote ya Marekani sheria inakidai, na mtoto mchanga anatazama nyuma ya gari. Kuna viti vinavyotolewa garini na kubandikwa juu ya magurudumu, ni rahisi kweli, lakini mtoto anakuwa amejikunja. Mkifika, mtoeni, mlazeni kitandani, asilale humo masaa mengi.

Na wale tusio na kigari? Jamani, tusijidharau. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na upungufu wa mashine za joto, alianza kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani linaupendekeza utaratibu huo kwa watoto wadogo kama hao. Sisi tunasema tu kwamba wiki za kwanza kifua ni bora kuliko mgongo, kwa sababu unamwona. Kitenge kikaze, uso wake uwe wazi na karibu kiasi cha kuubusu, kidevu kisilale kifuani, miguu itanuke kama ya chura. Mgongoni ataenda shingo ikikaza.

Basi bibi, binti akipiga simu tena, mwambie asilipe kwanza. Ashushe mgongo wa kigari mpaka mwisho, akipige picha kwa ubavu, akutumie kwa WhatsApp. Ukiona kimelala kama kitanda, mwambie aulizie bei.