Mashine ya Kutikisika Haichagui Ubao na Kidole



Siku moja kijana mmoja alifika kwenye zahanati yetu. Alikuwa amefunga kidole gumba kwa kitambaa, na kitambaa kimelowa damu. Kijana huyu anajifunza useremala. Nilimwuliza, "Mwanangu, umekatwa na nini?"

Alinijibu, "Ni mashine, bwana afya. Lakini mashine ile haikati mtu."

Tulifungua kitambaa. Kidonda kilikuwa kirefu, kimefika karibu na mfupa. Mganga alimshona nyuzi tano. Kijana alikaa kimya, ila macho yake yalionyesha mshangao kuliko maumivu.

Je, kwa nini aliamini kwamba mashine haikati mtu? Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia alivunjika mkono akicheza mpira. Hospitalini alifungwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita P.O.P. Baada ya wiki kadhaa alirudi ili plasta ikatwe. Mganga wa huko alileta mashine ndogo yenye makelele. Kijana akaogopa, akauvuta mkono wake. Mganga akacheka. Akagusisha kisu cha mashine kwenye kiganja chake mwenyewe. Hakukatika.

Basi kijana alirudi kijijini na habari hiyo. Siku fundi wake alipoleta mashine inayofanana na ile ya hospitali, kijana akataka kuwaonyesha wenzake. Akagusisha kidole gumba kwenye kisu. Yaliyofuata mmekwisha kuyasoma.

MASHINE HII NI YA NAMNA GANI?

Msumeno wa mkono huenda mbele na kurudi nyuma. Msumeno wa duara huzunguka. Mashine hii haifanyi hivyo. Kisu chake huenda kulia na kushoto, kidogo sana, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa jambo. Mwendo wenyewe ni wa milimita chache tu. Lakini ni wa haraka mno. Mashine nyingi hutikisika kati ya mara 10,000 na mara 20,000 kwa dakika moja. Jicho haliwezi kuuona mwendo huo. Utadhani kisu kimesimama. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mashine za namna hii zilianza hospitalini kabla ya kufika kwa mafundi. Homer Stryker, daktari wa mifupa wa Marekani, alitengeneza mashine ya kukatia plasta katika miaka ya 1940. Kampuni ya Fein ya Ujerumani nayo ilitengeneza ya kwake mwaka 1967. Baadaye kampuni hiyo iliigeuza mashine yake iwe ya mafundi. Leo makampuni mengi yanazitengeneza, na bei imeshuka.

Sasa tujiulize. Kwa nini mganga hakukatika? Fanya jaribio hili. Weka kidole juu ya ngozi ya mkono wako, karibu na kiwiko. Sukuma kidole kulia na kushoto kidogo. Unaona? Ngozi inakifuata kidole. Basi ngozi laini hufuata kisu vivyo hivyo, haikatiki upesi. Plasta ni ngumu, haiwezi kufuata. Kwa hiyo plasta hukatika.

Lakini hata hospitalini waganga hutumia mashine hiyo kwa uangalifu mkubwa. Hukibonyeza kisu kwenye plasta, halafu hukiinua. Hawakiburuti. Tena kisu hupata moto, na kinaweza kumwunguza mgonjwa.

Kisu cha seremala ni kitu kingine kabisa. Kina meno makali yaliyotengenezwa ili yaingie ndani ya ubao. Na ngozi ya kidole imekaza juu ya mfupa, haivutiki sana. Kwa hiyo hukatika. Mwelezeni hivyo kila kijana aliyewahi kukatwa plasta hospitalini.

JE, UNAIHITAJI?

Mimi si mwuza mashine, kwa hiyo nitasema wazi. Nyumba nyingi hazihitaji mashine hii. Kama kazi yako ni kukata mbao ndefu, msumeno wa kawaida utakufaa zaidi na utamaliza mapema. Mashine ya kutikisika ni ya polepole. Sifa yake ni moja: inafika mahali ambapo msumeno haufiki.

Mfano ni mwimo wa mlango ulioliwa na mchwa upande wa chini. Zamani ungeng'oa fremu yote na kubomoa ukuta kidogo. Kwa mashine hii unaweza kukata kipande kilichooza tu, fremu ikiwa bado imesimama. Unaweza pia kukata msumari uliojificha katikati ya mbao mbili. Unaweza kukata tundu la soketi kwenye mbao za dari, au kupiga msasa kwenye pembe ambako mkono hauingii.

Kazi kama hizo haziji kila siku. Kwa hiyo ni afadhali mashine moja iwe ya kikundi, au ya fundi mmoja ambaye watu humwita. Mashine inayokaa kabatini mwaka mzima ni fedha iliyolala.

Ukiamua kununua, angalia visu kwanza kabla ya mashine yenyewe. Visu huisha, mashine hubaki. Muulize mwenye duka: visu vyake vinapatikana hapa? Bei gani? Si kila kisu kinaingia kwenye kila mashine, kwa sababu matundu ya kushikia kisu yanatofautiana. Ukienda kununua kisu kipya, chukua cha zamani ukavilinganishe. Nimeona mtu amesafiri na basi kutwa nzima kununua visu, akarudi navyo, na hakuna hata kimoja kilichoingia.

Kisha angalia swichi. Mashine nzuri ina kidude cha kupunguza na kuongeza mwendo. Kukata ubao kunataka mwendo wa kasi. Kukata chuma na kukwangua rangi kunataka mwendo wa chini. Ishike mkononi pia. Kama ni nzito kwako pale dukani, baada ya nusu saa ya kazi itakuwa nzito mara mbili.

Zipo mashine za waya na zipo za betri. Ya waya haichoki, na kwa kawaida bei yake ni ndogo. Ya betri inafaa mahali pasipo na umeme, mradi uwe na mahali pa kuichaji. Betri nayo huzeeka, na kununua nyingine ni gharama kubwa.

Kuhusu visu, jua aina tatu. Kipo cha ubao mtupu. Hiki kikigusa msumari, meno yake huisha mara moja. Kipo cha metali mbili zilizounganishwa, ambacho hukata ubao wenye misumari. Hiki ndicho ninachokishauri kwa nyumba za zamani, maana huwezi kujua ndani ya ubao wa zamani kuna nini. Na kipo chenye makali ya kabidi, kwa chuma kigumu na kwa saruji iliyo katikati ya vigae. Hiki ni ghali. Usikinunue kama huna kazi yake.

KABLA YA KUWASHA

Vaa miwani ya kinga. Miwani ya kusomea haitoshi, kwa sababu vumbi na vipande hupita pembeni. Vaa barakoa nzuri inayobana usoni. Kitambaa cha kufunga puani huzuia vumbi kubwa tu. Vumbi la mashine hii ni laini kama unga, na hilo laini ndilo linaloingia ndani kabisa ya mapafu.

Watu wengi hudharau vumbi la mbao. Husema, "Ni unga wa mti tu." Sivyo. Vumbi la mvule huwasha ngozi, na huwaletea watu wengine pumu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao linaweza kuleta saratani, hasa ndani ya pua. Hatari hiyo huwapata zaidi watu wanaolivuta kwa miaka mingi, yaani maseremala wenyewe. Fanya kazi nje, au fungua milango na madirisha. Ukimaliza, nyunyiza maji kabla ya kufagia.

Rangi ya zamani ni hatari zaidi. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Ukizipiga msasa kwa mashine, risasi hugeuka vumbi. Vumbi hilo hutua sakafuni, kwenye vyombo na kwenye nguo. Mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaondoki. Mama mjamzito akiivuta, humfikia mtoto tumboni. Kama huijui rangi, usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, uikwangue kwa mkono, na uzoe mabaki yote. Watoto na wajawazito wakae mbali mpaka pamesafishwa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Na kama nyumba ina mapaa ya asbesto, yale ya kijivu yanayofanana na saruji, usiyaguse na mashine yoyote. Vumbi lake huleta magonjwa ya mapafu na saratani, hata baada ya miaka 20 au zaidi. Ulizeni kwa afisa afya kabla ya kuyaondoa.

Mwisho, umeme. Chunguza waya wa mashine. Kama umechubuka, usiutumie. Usisimame kwenye maji. Ukitaka kukata ukutani au kwenye dari, jiulize kwanza: waya za umeme zimepita wapi? Zima meni swichi, ukatumie mashine ya betri. Ukishindwa kufanya hivyo, tafuta fundi umeme.

NAMNA YA KUKATA

Chukua kazi ile ya mwimo ulioliwa na mchwa. Kwanza egemeza fremu ili isishuke. Pigia mstari wa penseli mahali ambapo ubao mzima unaanzia. Gonga kwa nyundo usikilize. Ubao ulioliwa una sauti ya debe tupu. Kata juu kidogo ya hapo.

Chomoa mashine kwenye umeme, au ondoa betri. Ndipo ufunge kisu. Kaza vizuri. Kisu kilicholegea hutetemesha mikono na kuharibu mashine.

Pigilia kipande cha ubao ulionyooka sambamba na mstari wako. Kisu kitaegemea hapo, hakitateleza. Shika mashine kwa mikono miwili. Iwashe kabla haijagusa ubao. Kisha iguse ubao polepole.

Usiikandamize. Hili ndilo kosa la kila mwanafunzi. Anaona kisu hakiendi, anaongeza nguvu. Lakini ukikandamiza, kisu kinakosa nafasi ya kutikisika, kinasugua tu na kupata moto. Iache mashine ifanye kazi yake. Isogeze kidogo kulia na kushoto ili vumbi litoke. Ukiona moshi, simama. Ama unakandamiza, ama kisu kimekwisha.

Mkono mwingine usiwe mbele ya kisu hata mara moja, wala usishike kipande kinachokatwa. Ukizima, subiri kisu kitulie. Halafu usikiguse, kwa maana kina moto wa kuunguza.

Pumzika kila baada ya dakika chache. Mtikisiko wa mashine huumiza mishipa ya vidole. Ukihisi ganzi, acha kazi. Fundi anayeendelea kila siku na ganzi hiyo mwishowe hushindwa kufunga vifungo vya shati. Na kama mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja analazimika kupiga kelele ili umsikie, makelele hayo yanaharibu masikio. Vaa vizibo vya masikio.

Kipande kilichooza kikishatoka, paka dawa ya mchwa. Tia kipande kipya cha mti mgumu na ukipigilie. Usikate ubao uliokwisha kupakwa dawa bila barakoa.

UKIKATIKA

Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi. Inua mkono juu. Endelea kubonyeza kwa dakika 10 bila kufunua kutazama. Damu ikitulia, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usitie majivu, wala mafuta ya taa, wala unga wa betri, wala udongo. Udongo una vijidudu vya pepopunda, na pepopunda huua. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, ili waangalie kama unahitaji chanjo.

Jicho likiingiwa na vumbi, usilisugue. Lioshe kwa maji safi mengi. Lakini kama kipande kimechoma jicho, usikitoe na usilioshe. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho, ukaende hospitali.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza. Kama swichi iko mbali, mwondoe kwa fimbo kavu huku umesimama juu ya ubao mkavu.

Kijana wetu alirudi baada ya siku 10 kutolewa nyuzi. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, ila ncha ya kidole bado ina ganzi. Aliniambia kwamba anapoteza misumari, kwa sababu akiishika haisikii.