Je, Wajua? Kisu cha Pwani Chataka Mafuta ya Nazi

Kwenye pwani ya Mtwara, kuanzia Ziwani hadi Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma, kisu cha chuma cha kawaida kilichopasulia pweza kikilala bila kuoshwa, asubuhi bapa lake limeshaota madoa ya rangi ya chungwa. Wengi hulaumu unyevu wa hewa, na dawa inayotajwa ni kupaka mafuta, mafuta yoyote yaliyo karibu. Sikubaliani na hilo. Unyevu una mshirika mbaya zaidi, naye ni chumvi. Tena mafuta hayafanani, kwani yapo yanayobaki kuwa mafuta na yapo yanayogeuka ulimbo. Kwa kisu cha jikoni cha pwani hii nachagua mafuta ya nazi yaliyoiva barabara, nayatanguliza hata mbele ya mafuta ya ufuta, zao ambalo Mtwara na Lindi zinajivunia kwa haki.

Tuanze na chumvi, maana mafuta bora kuliko yote hayafui dafu juu ya bapa lenye chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kwa hiyo kisu kilichokaukiwa na maji ya bahari hakijakauka. Kimebeba utando mwembamba wa maji ya chumvi usioonekana. Kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na maji hayo huupitisha vizuri kuliko maji ya mvua. Msimu wa kusi hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa upepo hurusha chembe za bahari hadi ndani ya nyumba. Mafuta nayo hayazibi kabisa: hewa na mvuke hupenya polepole, vikaikuta chumvi ikingoja chini. Ndiyo maana kisu huoshwa kwanza kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kikafutwa hadi pale bapa linapoingia kwenye mpini, kikaachwa kikauke, ndipo kipakwe.

Sasa mafuta yenyewe. Wakemia hupima ni gramu ngapi za aidini zinazonaswa na gramu 100 za mafuta, na hesabu hiyo huonyesha jinsi mafuta yanavyopenda kushikana na hewa na kukauka. Mafuta ya kitani, yanayotumika kwenye rangi za mbao, hufika 170 hadi 200. Alizeti huwa kati ya 118 na 141, ufuta kama 104 hadi 120. Nazi ni 6 hadi 11 tu. Mabaharia wa pwani waliijua tofauti hii kabla ya hesabu hiyo: sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, walipaka mbao za vyombo, kwa sababu hunata na kufanya utando. Utando huo ni neema kwa jahazi na ni balaa kwa kisu, maana hugeuka gundi ya manjano inayonasa vumbi na magamba ya samaki, na kwenye kisu cha kukunja huziba kiungo. Mwenye shaka adondoshe tone la ufuta na tone la nazi juu ya kipande cha kioo, ayafunike yasiingie vumbi, kisha ayaguse kwa kidole baada ya wiki kadhaa.

Watasema mafuta ya nazi huchacha. Ni kweli, lakini tuangalie yanachachaje. Takribani asilimia 90 ya mafuta hayo ni ya aina isiyoshikana na hewa kirahisi, kwa hiyo kinachoyaharibu zaidi ni maji yaliyobaki ndani. Tui likichemshwa, mafuta huelea yakiwa bado yanatoa vipovu na mlio wa kuchatachata. Kila kipovu ni maji yanayotoka. Ukiepua mapema, maji hayo hubaki, mafuta huvunjika na kutoa asidi, na asidi hiyo utaiona kwa ukijani unaozunguka misumari ya shaba ya mpini. Subiri mlio unyamaze na mashapo yawe ya kahawia, kisha chuja. Tone moja latosha bapa zima, kwa sababu kinachotakiwa ni utando mwembamba. Yanayochuruzika huenda tu kuloweka mpini.

Oili chafu ya injini hutetewa sana kwa kuwa ni ya bure na haikauki. Kwenye panga la shambani sitabishana kwa nguvu, lakini ina masizi, chembe za metali na kemikali zinazosababisha saratani, hivyo haina nafasi kwenye kisu cha chakula. Mafuta ya ganda la korosho nayakataa moja kwa moja: wanaobangua wanajua yanavyounguza ngozi, tena hukauka na kuwa utando mgumu, ndiyo maana viwanda huyatumia kwenye rangi. Mafuta ya mgando ni mlinzi mzuri wa kisu kinachowekwa kabatini kwa miezi, mradi kioshwe kwa sabuni kabla ya kutumika.

Kuna wanaodhani kisu kisichoshika kutu hakihitaji lolote. Chuma hicho hulindwa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayojenga ngozi nyembamba juu yake, lakini kloridi ya bahari huitoboa ngozi hiyo na kuchimba vishimo vidogo, hasa kwenye kiungo cha kisu cha kukunja, ambako kitambaa hakifiki. Hapo nazi ina udhaifu mmoja: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kama usiku wa kusi unavyoweza kuwa, na kiungo kikawa kizito asubuhi. Mafuta yaliyoganda kwenye bapa hayana tatizo, yanakaa vizuri zaidi. Kiungo nakipa tone la parafini ya maji inayouzwa duka la dawa, ambayo haikauki, haichachi, na haigandi kwa baridi ya Mtwara.